Spika tano kwenye sebule ndogo: kisa cha nyumba ya kupanga Ilomba, Mbeya

Mwalimu mmoja wa sekondari anaishi Ilomba na mkewe, watoto wawili na mama yake mzazi. Nyumba ni ya kupanga. Sebule ina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 3, sakafu ni ya vigae, na dari ya jipsamu iko mita 2.7 juu. Ukiitazama runinga, ukuta wa kushoto ni wa kuchangia na mpangaji mwingine, na wa kulia una dirisha kubwa lenye pazia jepesi. Kochi limeegemezwa ukuta wa nyuma, runinga ya inchi 43 iko mbele. Mwalimu alikuwa ametenga laki nane na alishachagua mzigo wake dukani Mwanjelwa: hom thieta yenye spika tano na boksi la besi, mbili za mbele zikiwa ndefu za kusimama chini, na katoni yake imeandikwa 5.1 na wati 12,000. Mimi niliitwa kwenda kuifunga tu.

Nilimwomba asilipe kwanza. Kazi hii ya kufunga vyombo vya sauti majumbani imenionyesha jambo moja likijirudia mno: watu wanahesabu spika, hawaulizi ni sauti gani inaingia kwenye hizo spika, wala nani atakaa wapi kuisikiliza. Kwenye ukumbi mkubwa unaweza kusamehewa. Kwenye chumba cha mita tatu huwezi, kwa sababu kila kitu kiko karibu na ukuta na kila mtu yuko karibu na spika fulani.

Swali langu la kwanza kwake lilikuwa hili: hapa ndani mnaangalia nini? Jibu lilikuwa la familia nyingi za Mbeya. King'amuzi kwa mpira, taarifa ya habari na tamthilia. Filamu za kwenye flashi, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Muziki kutoka kwenye simu. Na usiku, watoto wakishalala, Mwalimu mwenyewe huweka filamu za Kiingereza kwa sauti yake ya asili.

Tuzipitie moja moja, maana uamuzi wote umejificha humo. Matangazo ya king'amuzi kwa sehemu kubwa huja kwa chaneli mbili za sauti, yaani njia mbili tofauti, kushoto na kulia. Filamu iliyotafsiriwa hata kama asili yake ilirekodiwa kwa chaneli sita, sauti ya mtafsiri ikishapandikizwa juu yake kinachobaki kwenye flashi huwa ni chaneli mbili, na mara nyingine ni sauti ileile kushoto na kulia. Simu kupitia Bluetooth hutuma chaneli mbili vilevile. Kwa hiyo katika vyanzo vinne, ni kimoja tu, filamu za usiku, kinachobeba chaneli sita za kweli: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ile ya sita ya besi nzito inayoandikwa ".1". Mfumo wa Dolby Digital uliosambaza mpangilio huo ulianza kwenye kumbi za sinema mwaka 1992, na hadi leo ndio unaokutana nao kwenye diski za DVD na filamu nyingi za mtandaoni.

"Sasa fundi, unaniambia niache?" Mwalimu akauliza.

"Hapana Mwalimu. Nakuambia twende dukani tukaijaribu kabla hela haijatoka."

Tulikwenda na deki yangu ya DVD yenye tundu la waya wa mwanga (optical, unaopitisha sauti ya kidijitali), pamoja na diski ya majaribio inayotaja jina la kila spika kwa zamu. Ile hom thieta iligeuzwa nyuma. Matundu yake ya kuingizia sauti yalikuwa mawili tu, jekundu na jeupe. Hakuna tundu la waya wa mwanga, hakuna HDMI. Maana yake ni kwamba sauti yoyote utakayoipeleka pale itaingia kwa chaneli mbili tu, na ndani ya chombo hakuna kitu kinachoweza kuichambua ishara ya Dolby. Tukaunganisha waya mwekundu na mweupe, tukaweka diski. Iliposema "nyuma kushoto", spika ya mbele kushoto na ya nyuma kushoto zikasema pamoja. Iliposema "katikati", zikasema zote tano. Namba 5.1 kwenye katoni ilikuwa idadi ya spika zilizofungashwa, basi. Kijana wa duka alikuwa muungwana, alituacha tujaribu mpaka mwisho, na nadhani naye alijifunza kitu siku ile.

Tukiwa palepale tukasoma kibati cha nyuma. Umeme: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 75. Chombo kinachovuta wati 75 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 12,000 kwenye spika kwa sauti ya kuendelea. Amplifaya nzuri ya kisasa ya daraja D hupeleka asilimia 85 hadi 90 ya umeme wake kwenye spika, zile za zamani huishia karibu na 60 zikikazwa sana. Kwa hiyo pale kulikuwa na wati hamsini na kitu, zigawanywe kwa spika tano na besi. Namba kubwa za kwenye katoni huandikwa kwa kipimo cha PMPO, yaani kilele cha kupita tu, ambacho hakina kanuni yoyote inayokubalika. Tafuta neno RMS, yaani nguvu ya kuendelea, na usipoliona, soma kibati.

Na hata hivyo wati hamsini si haba kwa chumba hiki! Spika ndogo ya kawaida hutoa desibeli 85 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita moja mbele yake kwa wati moja tu. Ukikaa mita 2.6 unapoteza desibeli 8, zinabaki 77. Ipe wati 10, unarudisha 10, unafika 87, na bado kuta hazijaongeza chochote. Desibeli 87 sebuleni ni sauti ya kumfanya mpangaji wa pili aje kubisha hodi. Anayenunua kwa ajili ya chumba cha mita tatu kwa kufuata wati anatupa hela yake.

Zilibaki njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa seti ya mtumba kutoka Japani, aliyokuwa anaisifia mwalimu mwenzake. Seti hizo zina spika nzuri kwelikweli, nyingine zina kila tundu unalolitaka. Shida ni umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Ukichomeka moja kwa moja, volti zinakuwa zaidi ya mara mbili ya zilizokusudiwa, na kitu cha kwanza kuungua ni transfoma au saketi ya umeme. Inahitaji transfoma ya kushusha, tena ya kufika 100 na yenye uwezo wa kutosha, nayo inakaa sebuleni kila siku ikiwa imechomekwa. Nyumba yenye watoto wawili wanaopenda kubadilisha plagi, mimi sikuikubali. Kuna siku mtoto atachomoa kwenye transfoma na kuchomeka ukutani.

Ya pili ilikuwa saundiba, ule mchi mmoja mrefu unaokaa chini ya runinga, na boksi lake la besi. Hii ilinishawishi zaidi. Waya ni chache, haitoboi ukuta, na mke wa Mwalimu aliipenda kwa macho. Lakini saundiba yenye upana wa sentimita 90, ukiwa mita 2.6 mbele yake, spika zake za kushoto na kulia zinakaa kwenye pembe ya chini ya nyuzi 10 kutoka katikati. Pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, namba BS.775, linataka nyuzi 30 kila upande. Sauti inakuwa imebanana mbele ya runinga. Zile zinazodai kuzungusha sauti bila spika za nyuma huwa zinairusha kwenye kuta za pembeni ili irudi masikioni ikionekana imetoka kando. Hilo linahitaji kuta mbili zinazofanana. Hapa kushoto kuna tofali lililopigwa plasta, kulia kuna dirisha na pazia. Tulipoisikiliza moja dukani nikamwambia Mwalimu ajaribu kuiwazia kwake: ndege ya kwenye filamu itapita kushoto, na kulia itamezwa na pazia. Zile zinazorusha sauti darini sikuzigusa, kwa sababu hakuna chochote anachokitazama kingezitumia.

Ya tatu ndiyo tuliyoichukua: seti ndogo ya 5.1 yenye spika tano za ukubwa wa kitabu kinene, boksi la besi lenye koni ya inchi sita na nusu, tundu la waya wa mwanga, tundu la HDMI lenye maandishi ARC (linalopokea sauti kutoka kwenye runinga), na kioo kidogo kinachoonyesha ni ishara gani inaingia. Kibati kilisoma wati 120. Kwenye menyu kulikuwa na sehemu ya kuweka umbali wa kila spika na kiwango chake, na kulikuwa na Dolby Pro Logic II. Hicho cha mwisho ndicho kilichoamua, na sababu yake ilikuwa mama yake Mwalimu.

Huyu mama ana miaka zaidi ya sabini. Tulipofika mara ya kwanza, baada ya shikamoo, aliniambia bila kuulizwa: "Mwanangu, hiyo runinga nasikia inapiga kelele, ila wanachosema sikipati." Ni maelezo sahihi kabisa ya kinachotokea. Masikio yakizeeka, sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na humo ndimo zinamokaa konsonanti kama s, f, t na k. Irabu anazisikia vizuri. Ukimpandishia sauti yote, irabu na besi zinapanda pamoja, konsonanti zinafunikwa zaidi, na "kata" na "pata" zinabaki neno moja. Anachohitaji ni maneno yatoke kwenye spika yao wenyewe, ipandishwe peke yake.

Pro Logic II hufanya hivyo hata kwa matangazo ya chaneli mbili. Kilichorekodiwa kwa usawa kushoto na kulia, ambacho karibu daima ni sauti ya msomaji wa habari, mtangazaji wa mpira au waigizaji wanaozungumza, hupelekwa spika ya katikati. Kinachotofautiana kati ya pande mbili, kama mashabiki uwanjani, hupelekwa pembeni na nyuma. Si kamilifu, ila kwa mpira inafanya kazi kwa namna inayofurahisha: mtangazaji anabaki kwenye runinga, uwanja unakuzunguka. Kwa hiyo zile saa nyingi za king'amuzi, ambazo hazina chaneli sita, nazo zikapata faida ya spika tano.

Kufunga kulichukua muda kuliko kununua. Mwenye nyumba hataki matundu ukutani, kwa hiyo seremala alitengeneza stendi nne za mbao za paini, zile zinazotoka msitu wa Sao Hill, urefu wa kufikia masikio ya mtu aliyekaa, na kitako chenye sanduku la kujazwa mchanga ili watoto wasiziangushe. Nyaya tulizificha kwenye mifereji ya plastiki ya kubandika.

Kisha kochi. Nilisisitiza litoke ukutani sentimita 40, na hapa ndipo tulipobishana. Mke wa Mwalimu aliona chumba kinazidi kuwa kidogo, na alikuwa na haki. Ila kichwa kikigusa ukuta wa nyuma, besi yote ya chumba inarundikana pale na spika za nyuma hazina pa kukaa. Tukaondoa meza kubwa ya katikati, ikaja ndogo ya kusukuma, nafasi ikarudi. Masikio yakawa mita 2.6 kutoka kwenye runinga. Spika za mbele tukaziachanisha mita 2.4, yaani nyuzi 25 kila upande. Za nyuma zikasimama pembeni ya kochi, nyuma kidogo ya masikio, kwenye nyuzi 110.

Spika za nyuma ziko mita 1.4 kutoka kwa msikilizaji, za mbele ziko karibu mita 2.9. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, hivyo ya nyuma inatangulia kwa milisekunde 4 hivi, na inafika ikiwa na desibeli 6 za ziada. Usiporekebisha, unasikia nyuma kwanza na runinga baadaye. Tuliingiza umbali halisi wa kila spika kwenye menyu, tukapunguza za nyuma, tukapandisha ya katikati desibeli 4.

Halafu nikaona kitu ambacho kipimo cha mkanda kisingenionyesha. Kiti cha mama kilikuwa pembeni kulia, karibu kabisa na spika ya nyuma. Yeye, ambaye kwa ajili yake tulichagua seti hii, angesikia mashabiki tu. Kwenye chumba kidogo hili hutokea karibu kila mara, na kwa kawaida anayeonewa ni mzee au mtoto aliyezoea kona yake. Hatukumhamisha siku hiyohiyo. Mwalimu alizungumza naye kwa upole, mama akakubali kukaa katikati ya kochi wakati wa habari na tamthilia, na kiti chake kikabaki chake kwa mambo mengine. Wakati wa habari pia huzima za nyuma kwa kitufe kimoja. Kitufe hicho tulikibandikia utepe mwekundu kwenye rimoti.

Besi ilikuwa na kisa chake. Chumba hurudisha baadhi ya sauti nzito kwa nguvu kulingana na vipimo vyake: gawa 343 kwa mara mbili ya urefu. Mita 3.6 inakupa hezi 48 (mitetemo 48 kwa sekunde), mita 3 inakupa 57, na dari ya mita 2.7 inakupa 63 na nusu. Zote tatu ziko ndani ya eneo ambalo ngoma za muziki wa sasa zinapiga. Boksi likikaa kona, zote zinaamka pamoja, na kona aliyoipenda Mwalimu ilikuwa ya kushoto, kwenye ukuta wa jirani. Tukafanya njia ya zamani: boksi likawekwa juu ya kochi pale anapokaa, likapigishwa muziki wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, nasi tukatambaa sakafuni tukisikiliza ni wapi noti zote zinalingana. Ilikuwa ukuta wa mbele, kulia kidogo ya meza ya runinga, karibu na katikati ya ukuta huo. Tukaliweka pale juu ya vipande vya raba nene. Jirani alipoulizwa baada ya wiki alisema anasikia mpira, hasikii mtetemo.

Mwangwi wa chumba ulikuwa mbaya. Ukipiga kofi moja, kuta zinalirudisha kwa mlio wa bati. Kwa kanuni ya Sabine, inayokadiria muda wa mwangwi, chumba cha mita za ujazo 29 chenye ufyonzaji sawa na mita za mraba 4 tu za kitu kinachomeza sauti yote huishikilia sauti kwa karibu sekunde 1.2, ukifikisha 10, inashuka chini ya nusu sekunde. Zulia nene, pazia zito la kukunjamana, na kabati la wazi la vitabu vya Mwalimu nyuma ya kochi vilifanya kazi hiyo. Mbeya baridi ya Juni na Julai inakudai zulia na pazia zito hata hivyo. Nikiambiwa nichague kati ya spika ghali kwenye vigae vitupu na spika za kawaida kwenye chumba chenye zulia, nachukua zulia bila kusita.

Jambo moja lilitusumbua jioni nzima. Filamu ya Kiingereza ilichezwa kutoka kwenye deki iliyopitia HDMI ya runinga, na kioo cha seti kikaandika chaneli mbili. Runinga ilikuwa inaikamua sauti kabla ya kuitoa. Kwenye mipangilio yake ya sauti ya kidijitali ilikuwa imewekwa PCM, ambayo hapo ilitoa chaneli mbili tu. Tulipobadilisha kuwa bitstream, yaani ishara ipite kama ilivyo, kioo kikaandika Dolby Digital na mvua ya kwenye filamu ikahamia nyuma yetu. Runinga nyingine hata ukibadilisha haziruhusu, na hapo unapeleka waya wa mwanga kutoka kwenye deki moja kwa moja. Midomo na maneno vikipishana, tafuta kwenye menyu mahali pa kuchelewesha sauti.

Kuhusu radi: Novemba hadi Aprili ngurumo za Mbeya haziachi vyombo salama. Kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakutoshi, kwa sababu mshtuko huingia pia kupitia waya wa dishi, unapita king'amuzi, unafuata HDMI hadi kwenye seti. Mawingu yakijikusanya upande wa mlima Loleza, chomoa vyote viwili.

Seti, stendi na zulia vilitosha ndani ya laki nane. Kama Mwalimu angekuwa na laki nne, au kama asingekuwa na zile filamu za usiku, nisingemtafutia spika tano za bei hiyo. Ningempa saundiba yenye spika halisi ya katikati na kitufe cha kukuza maneno, boksi dogo la besi, na hela iliyobaki ingekwenda kwenye pazia.